Penseli Iliyochongwa Upya

Kisanduku cha tano hakikuwa chini ya ngazi, kwa sababu ngazi yenyewe haikuwapo.

Inspekta alisimama katikati ya ukumbi wa ile nyumba kuukuu, simu mkononi, akayasoma tena maneno yaliyoandikwa Jumapili saa kumi jioni kwa jina la mzee waliyekuwa wakimtafuta: "Nimekipata. Chini ya ngazi, mahali pazuri sana pa kuficha. Asante kwa mchezo." Akainua macho. Mbele yake palikuwa na rundo la mbao zilizotafunwa na mchwa. Ukutani zilibaki alama za vidato, moja juu ya nyingine, zikipanda zenyewe hadi kwenye mlango wa ghorofani ambao hakuna mtu angeufikia tena.

"Ilianguka lini?"

"Hii wiki ya tatu," alijibu mzee aliyesimama nyuma yake. Alikuwa seremala mstaafu. Katika mchezo wao wa kusaka visanduku kila mchezaji hujibandika jina la utani, na yeye aliitwa Msumari. Ndiye aliyevificha visanduku vyote vitano kwenye nyumba kuukuu za barabara ile ya nyuma, kimoja kwa kila nyumba, kisha akaandika kwenye ukurasa wa simu namba za mahali na kidokezo kimoja kimoja ili wenzake wavitafute. "Ile mvua kubwa ndiyo iliyoimaliza. Nikaja, nikakitoa kisanduku kabla hakijazikwa, nikakihamishia pale." Alionyesha tundu juu ya dirisha. "Ukurasa sijaubadilisha. Mimi na simu hatupikiki chungu kimoja."

"Nani mwingine anajua kwamba ulikihamisha?"

"Kobe peke yake. Alikuja kunishikia ngazi ya kupandia. Akanisimanga siku nzima kwamba napanda kama gunia."

Kobe ndiye aliyepotea. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu wa kwenda polepole na kuandika kila kitu, na ndiyo maana wenzake walimpa jina hilo. Ijumaa asubuhi aliondoka nyumbani kwa pikipiki. Sasa ilikuwa Jumanne. Pikipiki ilikutwa jana jioni kwenye kituo cha mabasi, umbali wa nusu saa kutoka hapo, imeegeshwa vizuri na ufunguo wake umo. Kwa pikipiki ile na kwa ujumbe ule wa Jumapili, askari wa zamu alikuwa ameshaamua kwamba mzee yuko salama, amepanda basi, amejipa likizo.

Binti yake hakukubali. Alikuwa muuguzi, na asubuhi hiyo alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka zamu, sare ya wodini bado mwilini, mkoba umebanwa kwapani.

"Nilimwambia yule askari," alisema. "Dawa zake za presha ziko mezani. Baba haendi hata sokoni bila dawa zake mfukoni akijua atachelewa. Alijua atarudi saa sita."

"Simu yake ina namba ya siri?"

"Haina. Anasema hana siri na mtu."

Inspekta alimgeukia Msumari. "Nisomee maneno haya kama anayemjua mwenzako. Ni yake?"

Msumari aliisogeza simu mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena. Akatikisa kichwa.

"Kobe asifie maficho yangu? Huyo Kobe hajazaliwa bado. Halafu anasema 'nimekipata', kana kwamba ni mara yake ya kwanza. Kila mwisho wa mwezi anavipitia vyote vitano, yeye ndiye mkaguzi wangu. Anakausha vijitabu vilivyolowa, anachonga penseli kwa kisu, anatia saini kwenye karatasi, tarehe na saa. Kwenye simu anaandika akifika nyumbani, na anaandika kasoro tu. 'Kifuniko kimelegea.' 'Penseli fupi.' Hilo ndilo asante lake."

"Kishushe."

Msumari alikanyaga juu ya jiwe, akaingiza mkono kwenye tundu, akatoa kisanduku cha bati chenye ukubwa wa mkate. Ndani mlikuwa na kijitabu, penseli butu, na vikorokoro ambavyo wachezaji huachiana: kifungo, gololi, gari dogo la mtoto. Inspekta alivaa glavu, akafungua ukurasa wa mwisho. Saini ya mwisho ilikuwa ya mchezaji mwingine, ya kabla ngazi haijaanguka.

"Hakufika hapa," alisema. "Aliyeandika kwenye simu alikuwa na simu yake na ule ukurasa wako, basi. Alisoma kidokezo, akakirudia kama kasuku. Hii nyumba hajawahi kuiona."

Upepo uliingia kwa dirishani, ukayatikisa mavumbi kwenye vidato vile visivyokuwapo.

Simu ya Inspekta ilitetemeka. Alikuwa Sajenti, aliyeanzia mwisho mwingine wa barabara, kwenye kisanduku cha kwanza.

"Afande, nimechanika suruali," alianza. "Watu wazima na akili zao timamu wanaficha makopo kwenye miiba. Haya, cha kwanza: amesaini. Ijumaa, saa mbili na dakika arobaini. Cha pili: amesaini. Saa tatu na nusu. Mwandiko ule ule, kama wa mashine. Penseli zote mbili zimechongwa hadi zinachoma."

"Cha tano hajagusa. Mimi narudi nyuma kuelekea cha nne. Tukutane nyumba ya tatu. Ukifika kabla yangu, usiingie."

Barabara ile ilikuwa nzuri kiasi cha kumfanya mtu asahau alichofuata. Ilipanda na kushuka katikati ya kuta za mawe zilizofunikwa na mimea ya kutambaa, na katikati yake majani yalikuwa yameota mstari mmoja mrefu ambao ulikwaruza tumbo la gari. Upande wa kushoto bonde lilifunguka, kijani tupu, mto ukimeta chini kama uzi. Upande wa kulia, nyumba kuukuu zilijitokeza moja moja nyuma ya miti, zenye roshani zilizolegea na madirisha yasiyo na vioo.

"Baba alianza mchezo huu mama alipofariki," binti alisema kutoka kiti cha nyuma. "Nilifikiri ni utoto. Kumbe alikuwa anatafuta sababu ya kutoka nyumbani. Siku moja akanirudia amefurahi kama amepata mjukuu. Ameona nyumba ina dari ya mbao iliyochorwa ndege. Akaanza kuzichora. Kila nyumba aliyoikuta, aliipima na kuichora."

"Michoro iko wapi?"

Binti alifungua mkoba, akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu. "Nilibeba kila kitu nilichofikiri kinaweza kumsemea."

"Umefanya vizuri, mwanangu. Tafuta nyumba ya tatu, uiwekee alama."

Nyumba ya nne haikuwa na paa. Kisanduku kilikuwa ndani ya jiko la mawe, mahali pake. Penseli butu, hakuna saini. Walitumia dakika sita pale, na Inspekta aliziandika. Waliporudi garini Msumari alikuwa ameacha kutania.

Baada ya hapo kuta zilikaribiana, matawi yakafungamana juu ya gari, na jua likabaki vipande vipande juu ya kioo. Kwa kilomita mbili hawakukutana na mtu wala mbuzi. Kabla nyumba haijaonekana, waliisikia. Redio ilikuwa ikipiga muziki kwa sauti ya juu kabisa, mahali ambapo hapakuwa na majirani wa kuusikiliza wala kuukasirikia.

Sajenti alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake nje ya lango, mguu mmoja wa suruali umepasuka hadi gotini.

"Sijaingia," alisema. "Ila nimezibwa masikio."

Msumari aliwaongoza kwenye nguzo ya kushoto ya lango. Alichomoa tofali moja la chini. Nyuma yake kilikuwamo kisanduku cha tatu, kimekaa sawa, kifuniko kimebanwa.

Inspekta hakukigusa. Alichuchumaa kwanza, akatazama ardhi. Kwenye vumbi, karibu na tofali, palikuwa na vipande vyembamba vya mbao vilivyojikunja, vyenye ukingo wa rangi ya njano. Aliviokota kwa kibano, akavitia kwenye mfuko wa karatasi. Ndipo akafungua kisanduku. Penseli ilikuwa ya njano, ncha yake kali kama sindano. Kijitabu kilikuwa kikavu. Aliufungua ukurasa wa mwisho, akaupitia kwa kidole, akaupitia tena.

"Hakuna saini."

"Haiwezekani," alisema Msumari. "Hapa alifika. Nani mwingine anachonga penseli ya watu?"

"Alifika. Alichonga. Hakuandika hata nukta, maana ncha haijaguswa. Nieleze sheria zenu. Ni lini mchezaji anafungua kisanduku, halafu anakifunga bila kusaini?"

Msumari alijikuna kidevu. "Sijui... Ah. Ninajua. Mtu akitokea."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote asiye mchezaji. Ndiyo sheria ya kwanza tunayomfundisha mgeni. Ukiona mtu, unafunga, unarudisha kisanduku mahali pake kimyakimya, unajifanya unafunga kamba za viatu. Akishapita, unarudi kumalizia. Tusipofanya hivyo, visanduku vinaibwa."

"Na Kobe angerudi kumalizia?"

"Kobe? Angesubiri nyuma ya mti hadi jua lizame. Kuacha kisanduku bila saini kwake ni kama kutoka nje bila suruali." Alimtupia Sajenti jicho, lakini utani haukumalizika vizuri mdomoni mwake.

Inspekta alisimama, akapangusa magoti. Alitazama saa, akaandika: saa tano na dakika kumi na tano.

"Aliingia na pikipiki yake hadi hapa, Ijumaa, baada ya saa tatu na nusu," alisema polepole, kama anayempimia mtu dawa. "Akafungua. Akachonga. Mtu akatokea. Akafunga vizuri, kwa hiyo hakuona hatari, aliona mtu tu. Na hakurudi tena kwenye nguzo hii. Humo katikati ndimo alimopotelea. Sajenti, daftari. Binti yangu, wewe usiseme neno humo ndani. Ukiona kitu, nishike mkono."

Lango halikuwa limefungwa. Mtu aliyewajia kutoka barazani alikuwa wa makamo, mnene kidogo, shati safi lililopigwa pasi, na tabasamu lililofika kabla yake.

"Karibuni, karibuni! Shikamoo, afande. Leo nyumba imepata bahati. Mimi ndiye mwangalizi hapa. Ningejua mnakuja ningefagia."

"Marahaba. Punguza redio."

"Ah, redio." Alicheka. "Mtu mmoja kwenye nyumba ya vyumba tisa, afande. Bila redio utaanza kuongea na popo. Tuzungumze tu, nasikia vizuri."

Hakwenda kuipunguza. Inspekta aliliona hilo, akalipita.

"Ijumaa ulikuwa hapa?"

"Niko hapa siku zote. Hata kwa kinyozi sijaenda, tazama kichwa hiki."

"Asubuhi?"

"Kutwa. Nilikuwa nimeinama nyuma huko, napanga vigae."

"Nani alipita barabarani?"

"Hata mbwa hakupita."

"Mafundi? Wageni? Gari la mizigo?"

"Nimekwambia, mama, hata mbwa. Mimi peke yangu. Mtu angekohoa barabarani ningemsikia."

"Kwa redio hiyo?"

Tabasamu lilipepesa, likarudi. "Ijumaa haikuwa na betri."

"Sajenti, andika. Ijumaa alikuwa peke yake, kutwa nzima, hakuna aliyekuja wala kupita, redio ilikuwa kimya, angesikia hata kikohozi. Msomee."

Sajenti alisoma. Mwangalizi alisikiliza akiitikia kwa kichwa kila neno, kama mwanafunzi anayesifiwa, akatia saini chini kwa mkono wa madaha.

"Kuna mtu amepotea?" aliuliza akirudisha kalamu.

"Kwa nini unauliza?"

"Polisi hawaji kuangalia mandhari."

"Kuna mzee amepotea. Nitatembea ndani."

"Nyumba ni ya watu, afande. Wenyewe wako mbali. Labda mngekuja na kibali..."

"Mtu akiwa hatarini kibali changu ni hiki." Alimwonyesha kitambulisho, akampita.

Ndani palikuwa na baridi ya pango. Inspekta alimwomba binti daftari, akalifungua kwenye alama. Mzee alikuwa ameichora nyumba nzima kutoka juu, ukuta kwa ukuta, vipimo vimeandikwa pembeni kwa mwandiko ule ule wa mashine, na chini tarehe ya mwezi uliopita. Karibu na kila mlango aliweka alama ndogo, na pembeni aliandika: *Milango sita ya kuchongwa. Yote mizima. Kazi ya mikono yenye subira.*

Walihesabu wakitembea. Mlango wa kwanza ulikuwapo. Wa pili ulikuwapo. Wa tatu ulikuwa uwazi mtupu, fremu imebaki na mashimo. Wa nne, uwazi. Wa tano, wa sita, uwazi.

"Milango minne imekwenda wapi?"

"Mchwa, afande," alisema mwangalizi kutoka nyuma yao. "Wanamaliza nchi."

Msumari alipitisha kidole kwenye moja ya mashimo ya fremu. Lilikuwa la duara, kingo zake safi, ndani mna mbao mbichi isiyo na vumbi. "Mchwa wa siku hizi wamesoma," alisema. "Wanatumia bisibisi."

Sajenti aliguna. Mwangalizi hakucheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu walipofika.

Mzee mmoja mwenye daftari, aliyejua kwamba milango ni sita, amesimama langoni siku ambayo mlango unapakiwa. Inspekta hakulisema. Aliliandika kwenye kijitabu chake, akalipigia mstari, akaendelea mbele kuufuata muziki.

Ua wa jikoni ulikuwa wa mawe, umezungukwa na ukuta mrefu. Redio ilikuwa huko. Ilikuwa imekaa juu ya rundo la vigae vya paa, vigae mia kadhaa, vimepangwa kwa unadhifu mkubwa hadi kimo cha kiuno. Kiti cha mwangalizi, chenye mto wake na kikombe pembeni, kilikuwa upande wa pili kabisa, nyuma ya ukuta wa jiko, mahali ambapo sauti ilikuwa afadhali.

Binti alimshika Inspekta mkono.

Inspekta aliinamisha kichwa kumsikia.

"Mtu anayependa redio anakaa nayo," binti alinong'ona. "Yeye ameikimbia. Ameiweka pale ipige kelele, halafu akaikimbia."

Inspekta alirudi kwenye mchoro. Nyuma ya jiko, katikati ya ua, mzee alikuwa amechora duara dogo. Pembeni aliandika: *Tangi la maji ya mvua, chini ya ardhi. Mdomo sentimita sabini. Kutoka ukuta wa jiko mita nne na robo. Kina hakijapimwa.*

"Nyumba hii maji yake yanatoka wapi?" aliuliza bila kuinua macho.

"Mtoni. Nachota kwa ndoo."

"Hakuna tangi?"

"Hakuna, afande."

"Lile la kukinga mvua?"

"Ah, lile. Lilifukiwa zamani. Kabla yangu."

"Zamani ipi?"

"Miaka. Kumi, labda."

Inspekta alimgeuzia daftari, akaweka kidole kwenye tarehe. Mwangalizi alitazama.

"Msumari, una tepu?"

"Seremala anazikwa na tepu yake, afande."

Msumari alishikilia ncha kwenye ukuta wa jiko. Sajenti alivuta. Mita moja, mbili, tatu. Kwenye tatu na nusu tepu iligonga vigae. Mita nne na robo ilikuwa katikati kabisa ya rundo, chini ya redio.

"Sasa nisikilize," Inspekta alimwambia mwangalizi, na ilimbidi apaze sauti kushinda muziki. "Ijumaa mzee wetu alifungua kisanduku kwenye nguzo ya lango lako. Alichonga penseli. Kabla hajaandika alikifunga, akakirudisha. Wachezaji wanafanya hivyo kwa sababu moja tu: wameona mtu. Na wewe umenieleza na kutia saini kwamba siku hiyo, kwenye barabara hii nzima, mtu alikuwa mmoja. Wewe."

"Mchezo gani? Mimi mambo ya watoto..."

"Zima redio."

Hakusogea. Shati lake safi lilikuwa limeanza kulowa shingoni.

Inspekta alitembea hadi kwenye rundo, akaizima mwenyewe.

Ukimya ulianguka juu ya ua mzima kama blanketi zito. Walisikia upepo kwenye miti ya nje. Walisikia pumzi ya mwangalizi, fupi fupi. Zaidi ya hapo hawakusikia kitu, na uso wa binti ulibadilika rangi, kwa sababu alikuwa ametarajia kusikia sauti ya baba yake.

"Vitoeni," alisema Inspekta.

Sajenti alimfunga mwangalizi pingu kwenye nguzo ya baraza la uani, naye hakubisha. Alikaa chini taratibu, akautazama ukuta. Kisha Sajenti, Msumari na Inspekta wakashika kazi. Binti naye alivua koti lake la sare, akaingia katikati yao, akawa anabeba vigae vinne vinne. Hakuna aliyemzuia. Vigae vilichana mikono. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Msumari alikuwa akihema kama mvukuto na alipoambiwa apumzike alitukana kwa upole.

Chini ya safu ya mwisho walikuta mbao, na juu ya mbao maua yaliyochongwa, majani, ndege wawili wanaotazamana. Ulikuwa mlango mmojawapo wa ile minne, umelazwa chali.

"Tukifika tatu," alisema Sajenti. "Moja, mbili..."

Waliunyanyua, wakausukuma pembeni. Harufu ilipanda, nzito na tamu, na Inspekta, ambaye alikuwa ameikuta harufu hiyo mara nyingi, alimshika binti begani amgeuze. Binti naye aliijua. Miaka sita wodini ilikuwa imemfundisha. Alijitoa mikononi mwake, akapiga magoti ukingoni.

"Baba!"

Giza la shimo lilirudisha neno lile mara mbili. Sajenti aliwasha tochi. Mwanga ulishuka kwenye kuta zilizoota ukungu, ukafika chini, ukameta kwenye maji ya kina cha kiganja.

"Baba!"

Kitu kilisogea. Sauti ilikuja, kavu, kama karatasi inayokunjwa.

"Usipige kelele. Nasikia." Halafu, baada ya pumzi mbili: "Umetoka kazini hivyo hivyo? Hujalala?"

Binti alilala kifudifudi juu ya mawe, mkono wote ndani ya shimo, ingawa mkono usingefika hata robo ya njia. Msumari aligeuka akatazama ukuta.

"Mzee, ni polisi," Inspekta alisema. Sauti yake ilikuwa ya kazi, lakini ilibidi aianze mara mbili. "Umeumia wapi?"

"Mguu. Umevunjika chini ya goti. Maji yapo, nimekunywa. Nilikuwa nagonga ukuta, lakini muziki..."

"Usiongee sana. Gari la wagonjwa naliita sasa hivi. Sajenti anafunga kamba kwenye nguzo, atashuka. Utafungwa hapa kifuani, tutakuvuta polepole. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Lakini subirini."

Sajenti, kamba begani, alisimama.

"Sogeza tochi," ilisema ile sauti. "Kushoto kwangu. Taratibu, mtoto asione."

Inspekta aliichukua tochi mwenyewe, akaweka mwili wake kati ya binti na shimo. Mwanga ulipita juu ya mzee, aliyekuwa ameegemea ukuta akiwa na fulana tu. Shati lake halikuwa mwilini. Lilikuwa limetandikwa pembeni yake, juu ya kitu kirefu kilicholala ukingoni mwa maji, limefunika vizuri upande wa kichwa, kola imekunjwa kwa uangalifu.

Nyuma yao, kwenye nguzo ya baraza, mwangalizi alianza kulia.

"Mtoeni huyu kwanza," alisema mzee. "Nilimkuta humu. Mimi nimekaa siku nne tu."